Jumamosi Watu wa Juu Walipofunga

Siku ya kwanza kumwona, alikuwa amesimama katikati ya mto, gauni amelikunja mpaka magotini, anamgombeza mwanamume aliyejibanza nyuma ya pampu yake. Mimi nilikuwa nimekuja kuulizia zamu yetu ya maji. Nikasimama ukingoni, ulimi umenata.

"Na wewe, shemeji," akasema, maana mke wangu alishonewa nguo kwake, "umekuja kuomba maji au kuhesabu mawe?"

"Nimepita tu."

"Haya, pita."

Nikapita. Mke wangu aliposikia, alicheka mpaka akaushika mlango.

Yule mama alikuwa fundi cherehani na mwenyekiti wa kikundi chetu cha mto. Tulimwita Spika. Cherehani ikinguruma, yeye alisikika juu yake. Ndiyo maana tulimchagua. Vikao tulifanyia chumbani kwake, tumekalia marobota ya vitambaa, na aliyekataa kuachia wenzake maji alizungushiwa tepu kiunoni: "Tumbo lenyewe ndilo hili linalotaka kumeza mto mzima?"

Mwaka huo mvua haikunyesha. Mto ukakonda, ukabaki uzi. Watu wa juu walikuwa karibu na banio, pale mifereji inapoanzia. Sisi wa chini tulibakiziwa tope. Vitunguu vyangu vilikuwa vinaanza kujaza vichwa, na kitunguu kikikosa maji wakati huo hakina msamaha. Nyumbani hatukuwa na zao lingine.

Kikao kikaamua watu wa juu wazibe mifereji yao Jumamosi kutwa, maji yashuke kwetu. Spika akawatumia ujumbe wa sauti kwa simu, huku amebana pini mdomoni: "Jamani wa huko juu, ukame mnauona. Jumamosi mfunge wote, asubuhi mpaka jioni. Asiyefunga nitamjua!"

Jumamosi ikafika, maji hayakufika. Mchana majani ya vitunguu yalikuwa yamelala chali. Nikaenda kwa Spika, nikanyoosha kidole mtoni. Hakungoja maneno. Akatupa mkasi, tukapanda.

Tuliwakuta watu wa juu wamejilaza vivulini, midomo imekauka, majiko baridi. Mifereji yao inabubujika.

"Si nilisema mfunge?"

Mzee mmoja akainua kichwa kwa shida. "Tumefunga, mama. Tangu alfajiri hata tone. Tunaombea mvua, kama ulivyoagiza."

"Hata tone? Na haya je?"

"Hayo inayanywa migomba. Migomba haijafunga."

Spika akaketi chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Watu wa juu hawakucheka, njaa haina utani.

"Jamani," akasema alipopata pumzi, "fungueni midomo, mfunge mifereji!"

"Thubutu!" akadakia mama mmoja. "Tushinde na njaa kwa amri yako, halafu utunyime na maji? Ngojeni Jumamosi ijayo."

Wengine wakamuunga mkono. Spika akataka kujibu, sauti haikutoka. Kicheko kilikuwa kimeimaliza yote. Akanisukuma mbele.

"Vitunguu vyangu," nikasema, "havifiki Jumamosi ijayo."

Wote wakanigeukia.

"Kumbe huyu anaongea!" akasema yule mzee. Akajizoazoa. "Pikeni uji. Tukishakunywa tutapanga magunia ya mchanga."

Walipanga kweli. Jioni maji yakaingia shambani kwangu taratibu, yakisukuma majani makavu mbele yake, na mke wangu akayapigia vigelegele kama bibi harusi. Vitunguu havikuwa vikubwa, lakini vilikuwa vitunguu.

Mvua iliporudi, Spika alikuwa haoni tena tundu la sindano, na binti yake akaja kumchukua. Kabla ya kuondoka akakishawishi kikundi kinipe mimi uenyekiti. Nilimbebea cherehani mpaka kwenye gari, nikamwambia kwamba kiangazi kikija watu wa juu hawatanisikia, nasi wa chini tutakauka.

Akanitazama, akatabasamu.

"Huhitaji sauti, shemeji. Wanajua wewe husemi bila sababu. Wewe nenda pale banioni ukohoe tu. Mwenye kosa atakimbia mwenyewe."