Jengo Moja, Makanisa Manne

Tusidanganyane: mpiga pasi hakuwa anatafuta mafundisho. Mafundisho yamejaa kwenye simu, bure, usiku na mchana. Alikuwa anatafuta mtu wa kumpigia uchungu ukianza. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa kwenye mradi mji mwingine na anarudi mara moja kwa mwezi. Watu pekee aliowajua katika nchi ile ya watu ni wenzake wa dobi ya hoteli, na simu zao zinafungiwa kabatini zamu nzima.

"Tafuta kanisa, we mtoto," mama yake alimwambia kwenye simu. "Mimi na magoti haya sipandi ndege."

"Kanisa lipi sasa, mama?"

"Lenye watu!"

Basi Jumapili yake ya mapumziko akaenda kwenye jengo moja nyuma ya kituo cha mafuta, zamani ghala la fanicha. Mlangoni vibao vinne, makanisa manne, ukumbi mmoja wanaokodi kwa zamu. Mwingine angechagua kibao kimoja akaingia. Yeye, kwa udadisi wake wa kuzaliwa, akaamua kuyaona yote, kama mtu anayekagua vyumba vya kupanga.

La kwanza lilikuwa safi. Maneno ya nyimbo ukutani, kiyoyozi, mahubiri mafupi kwa lugha ya pale, ambayo alikuwa keshaikamata. Wageni wakasimamishwa, wakapigiwa makofi, wakakalishwa. Basi. Wakati wa kutoka akamvizia mhudumu wa mlangoni, kijana wa tai nyembamba.

"Samahani kaka. Mtu wa hapa akishikwa na uchungu, nani anampeleka hospitali?"

Kijana akatabasamu. "Bwana atafanya njia, dada."

"Amina. Ana gari?"

Kijana akacheka sana. Alidhani ni utani.

La pili lilikuwa la spika kubwa na jasho. Wenye mahitaji wakaitwa mbele, naye akaenda, aone kuna nini. Mchungaji akamwekea mkono kwenye paji la uso. Akina mama wawili wakajipanga nyuma yake, mikono tayari, wakisubiri aanguke.

"Pokea!"

"Nimepokea."

"Pokea, mama!"

"Nimeshapokea, baba mchungaji, ila sianguki. Daktari kakataa."

Ukumbi ukaangua kicheko, mchungaji mwenyewe akashindwa kujizuia. Na tuseme ukweli, aliomba vizuri, mpaka mtoto akapiga teke. Ila alipouliza swali lake, wakamwahidi kumweka kwenye maombi ya mnyororo. Mnyororo mzuri, lakini hauendeshi gari.

Sasa miguu ilikuwa imevimba kama imejazwa upepo. Angeondoka. Kilichombakiza ni kelele za mlangoni: watu wa zamu ya tatu wanaingia na chupa za chai na kinanda kimefungwa blanketi, wanabishana kwa Kiswahili nani kasahau sukari. Akakaa.

"We mama kijacho, miguu hiyo vipi?" Mwanamke mnene wa miwani, dereva wa basi la jiji, akamsogezea kiti. "Inyanyue hapa. Unasali wapi?"

"Bado nakagua. Hili la tatu leo."

"Jamani!" dereva akapaza sauti. "Kaeni vizuri, tunakaguliwa!"

Ibada yenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa mbovu. Kinanda kinatangulia, kwaya inakifuata kwa mbali kama mtu aliyeachwa na gari. Mchungaji alisoma mahubiri bila kuinua kichwa. Mpiga pasi alisinzia mara mbili, na moyoni akawa keshalifuta hilo, anawaza la nne. Chai ilipomiminwa akauliza swali lake, basi tu, amalize.

Hakuna aliyemtaja Bwana.

"Unakaa wapi?" dereva akauliza.

"Nyuma ya chuo cha ufundi, ghorofa ya tatu."

"Lifti?"

"Mbovu."

"Utazalia wapi?"

"Hospitali kubwa, ng'ambo ya daraja."

"Mlango wa wazazi uko nyuma," akasema mama mchungaji.

"Walishauhamishia mbele," akasema msusi aliyekaa pembeni.

"Nimezaa watatu pale, unaniambia mimi?"

"Ulizaa lini? Enzi za mishumaa!"

"Mnabishana nini?" dereva akasimama, funguo mkononi. "Gari si hilo nje? Twendeni tukauone."

"Na vyombo?" mchungaji akauliza.

"Una mikono, baba."

Kanisa la nne hakuliona. Alikuwa kiti cha mbele, mkanda umepitishwa chini ya tumbo, nyuma wawili wanagombea dirisha. Hospitali, mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa kwa matofali. Wa mbele umefungwa, Jumapili. Mlinzi akaja mbio.

"Ameanza uchungu?"

"Bado. Tunafanya mazoezi."

Mlinzi akawatazama. "Ndugu yake nani hapa?"

Mikono mitatu ikanyooshwa. Hakuna hata mmoja aliyefanana naye. Mlinzi akashusha pumzi, akawaonyesha mlango wa pembeni, wenye kengele.

"Nilisema si nyuma," akasema msusi.

"Ulisema mbele!"

Mpiga pasi akatoa simu. "Sasa nimpigie nani kwanza?"

"Mimi," akasema dereva.

"Wewe uko barabarani kutwa, na abiria je?" mama mchungaji akadakia. "Anipigie mimi."

"Nitawashusha."

"Basi zima?"

"Wana miguu. Dada, andika namba."