Mahali pa Kigae Kimoja

Nyumba yetu ya mtaa wa Kuze ni ya mawe na chokaa, na chumvi hupanda kutoka chini ikazila kuta. Kila asubuhi nafagia unga mweupe mkekani. Mama aliyazoea hayo umri wake wote. Basi nilishangaa, alipoanza kuugua, kuona ananitaka nimwitie fundi abandike mkanda wa vigae, kutoka sakafuni hadi kiunoni, ukutani mwa chumba cha ndani, pande zote.

"Chumba chenyewe hakuna anayekiona," nikamwambia. "Ungesema sebuleni."

"Cha ndani. Na iwe leo."

Nami sijui kunyamaza. Nilinung'unika mpaka Majengo kumtafuta fundi. Alikuja akakwangua chokaa iliyooza, akapaka simiti, akaanza kubandika. Ukuta wetu umepinda, kigae kimoja kikikaa cha pili kinakataa. Mama alikuwa kitandani chumba cha pili, mlango wazi, akisikiliza.

Nilipompelekea uji nikamuuliza, "Haya, nambie. Vigae hivi ni vya nani?"

"Vya wageni. Wanawake watakaa mle mkekani. Sitaki mtu atoke kwangu na chokaa kwenye buibui."

"Wageni gani? Kwani tuna harusi?"

Alinitazama tu, na hapo nikaelewa. Mle ndimo walimokaa wanawake siku za matanga ya baba, wakawa wakiinuka wanapangusana chokaa. Nikautua uji chini.

"Ala! Wajitandikia matanga yako, na mimi ndiye niliyekwenda kumleta fundi!"

"Kufa ni faradhi, mwanangu. Kuwachafua watu nguo si faradhi."

Nilitoka nikamwambia fundi basi, yatosha. Kilikuwa kimebaki kigae kimoja, nyuma ya mlango, mahali ambapo chokaa ya zamani ilikuwa bado haijakwanguliwa.

"Dada, hiki ni cha dakika tu," akasema.

"Nimesema basi."

Nilijua ni upuuzi. Lakini niliona kazi ile ikiisha, mama hatakuwa na la kungojea tena, na mimi nilimtaka abaki. Kile kigae nikakitia chini ya kitanda changu.

Kila siku aliniuliza, "Imekwisha?"

"Bado, mama."

Naye alitabasamu. Alinijua.

Alifariki siku ya Alhamisi, mkono wake umo mkononi mwangu. Wanawake wakajaa chumba cha ndani, wakasoma Yasini, migongo yao ukutani. Mimi nilikuwa nimewatangulia kukaa nyuma ya mlango, na muda wote wa matanga sikumwachia mtu mahali pale. Kila walipoinuka kwenda zao niliyatazama mabuibui yao. Yalikuwa meusi, safi.

Siku ya mwisho shangazi yangu alinishika bega.

"Hebu geuka nikupanguse. Leso yako yote chokaa."

"Wacha, shangazi," nikamwambia. "Wacha ikae."