Siki Isiyotiwa Kitu

Miaka ile ya hamsini siki ya dukani ilikuja kwa chupa, kali tupu, haina ladha. Mama aliichukia. Kila akitengeneza achari ya ndimu, alinuna kutwa nzima. Nikajitia ushujaa: mimi nitajifunza kutengeneza siki ya tembo la mnazi. Nikamwendea mgema mmoja, mtu wa bara, aliyekodi minazi nje ya mji wa Amu. Nikamwambia sitaki malipo, anifundishe kazi tu. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile akaniita Maalim.

Nilimkoshea vibuyu. Nilimnolea kotama, kisu chake cha kugemea. Nilijifunza kukwea, kufunga karara, kole la maua ya mnazi, kabla halijachanua, na kulikata ncha asubuhi na jioni, kipande chembamba kama ukucha. Tembo la asubuhi ni tamu, hata mtoto hunywa. Jua likipanda linatoa povu, linalevya, na hapo si letu tena. Ukiliacha mtungini siku nyingi likageuka siki lenyewe, limekuwa halali. Lakini ukilitia kitu kabla halijageuka, hata chembe ya chumvi, basi tena, hata siki yake ni haramu. Hayo kwetu kila mtu huyajua tangu chuo cha Kurani.

Na mji ukaninusa! Msikitini walinipisha nafasi pana, wala si kwa heshima. Barazani walikohoa nikipita. Mama naye, mjane, na mimi ndiye mwanawe wa pekee, akaanza kuniwekea sahani yangu nje, kwenye daka la mlangoni.

"Siku utakayoniletea siki, utakula na mimi," alisema. "Tembo halipiti hapa."

Nyumba ya watu wawili, na kila mmoja akila peke yake. Wallahi nilikuwa mpweke. Nilifika hadi ya kuisemesha minazi, na siku nyingine niliigombeza.

Mtungi wangu wa tembo ulikuwa umekaribia kugeuka siki. Asubuhi moja, niko juu, nikaona punda anakuja na mtu wa buibui mgongoni. Mama! Hajapata kukanyaga shamba lile. Nikampigia kelele angoje, hakunisikia. Akafunua mtungi, akanusa, akafungua pindo la leso yake. Akatia pilipili, zote. Nilishuka mbio hata nikachubuka kifua.

"Njoo, mwanangu," alisema, amefunua uso, anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu nianze kazi ile. "Yanukia kali hasa. Nimekutilia pilipili za kwangu. Leo utakula ndani. Imegeuka, sivyo?"

Nikachungulia. Povu lilikuwa bado linapanda, linazizunguka pilipili. Neno moja tu lingenirudisha ndani. Mgema, aliyekuwa kando yetu, akageuza uso, akajifanya anafunga kamba.

"Bado, mama."

Akashusha buibui usoni.

"Ungeninyamazia tu," alisema. "Ningekula nawe."

Alipanda punda wake akaenda. Nikaumwaga mtungi wote mchangani, nikalia, na mgema hakunitania.

Jioni nilikuta sahani yangu dakani, imefunikwa vizuri. Nikamsikia mama ndani akivuta yake, kisha kimya. Hakula. Nami sikula. Mlango ulikuwa wazi baina yetu, na hakuna aliyeinuka.