Mama Aliyetushikia Mkoba Venisi

Nianze na yale ambayo utaniuliza. Ilikuwa mchana, saa tisa kasorobo, jua likiwaka. Nilikuwa nimelala vizuri, na divai sijawahi kuonja. Mimi ni muuguzi. Kazini huandika ninachokiona, si ninachokidhania. Na haya niliyaona.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi na mume wangu, Baba Shiru, tulikuwa tumeishi Cedar Hill, Texas, miaka sita bila likizo, yeye akiendesha lori kati ya Dallas na Houston, mimi nikichukua kila zamu iliyojitokeza. Mwishowe tukasema twende Ulaya siku kumi kabla magoti hayajakataa. Shiru, aliyekuwa na miaka minne, tukamwacha kwa dada yangu kule Mansfield.

Siku ya saba tulishuka garimoshi Venisi. Nje ya stesheni, pale barabara ilipopaswa kuwa, palikuwa na maji. Baba Shiru akasimama na kutazama kushoto na kulia.

"Gari ziko wapi?"

"Hakuna."

"Hata pikapu moja?"

"Hapa ni boti na miguu tu, Baba Shiru."

"Wee! Sasa mimi ningezaliwa huku, ungenipendea nini?"

Nilicheka mpaka nikaketi kwenye ngazi. Sisi watu wa Texas tunawasha gari hata kwenda kununua maziwa. Siku hiyo tulitembea mpaka viatu vikaomba msamaha. Tulikula aiskrimu mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Tulipotea, tukapatikana, tukapotea tena, na sikumbuki siku nyingine tuliyoshikana mikono saa nyingi hivyo.

Shingoni Baba Shiru alikuwa amevaa mkoba mdogo wa ngozi. Ndani mlikuwa na pasipoti zetu za Kenya, grinikadi zetu, yaani vibali vya kuishi Marekani, na tikiti za ndege. Hakuamini sefu ya hoteli. Bila mkoba ule, tungerudi vipi kwa mtoto wetu?

Tulikuwa juu ya daraja dogo tukibishana kuhusu picha zilizobaki kwenye kamera, tukasikia nyuma yetu:

"Hamjambo, watoto? Mumetoka wapi?"

Alikuwa mama Mzungu, mzee, gauni la kijivu, nywele nyeupe. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, cha miteremko ya Mlima Kenya. Alituambia aliwahi kuwa mkunga katika hospitali ya misheni huko.

Niambie ukweli, wewe ungefanyaje? Dallas ukisikia Kiswahili dukani, kwenye rafu za mchele, unaacha toroli na kumkimbilia mwenye sauti. Kabla hujajua jina lake umeshamkaribisha chai. Kwa hiyo dakika tano hazikupita, tukawa watoto wake.

Mtalii mmoja akakubali kutupiga picha. Nikamwambia mume wangu, "Toa huo mkoba, unaonekana kama ng'ombe wa kengele." Akautoa. Yule mama akanyoosha mkono: "Leta nishike."

Akampa. Naam, akampa!

Tulitabasamu, kamera ikalia, tukageuka. Mama alikuwa ameshavuka daraja la pili, mkoba begani.

"Mama, ngoja!" nikaita. "Mama, simama!"

Hakusimama. Tukakimbia vichochoro, Baba Shiru akipaaza sauti, "Mama! Mama yetu, tafadhali!" Kila tulipofika darajani, yeye alikuwa daraja moja mbele, naye hakukimbia, alitembea tu. Baba Shiru akaishiwa pumzi. Mimi niliyezoea korido ndefu za hospitali nikaendelea, nikimwona akilini Shiru dirishani kwa dada yangu akitungoja.

Kichochoro cha mwisho kiliishia majini. Nikamkamata kifundo cha mkono, na vidole vyangu vikajipanga vyenyewe pale vilipozoea. Mkono ulikuwa baridi kama chuma. Nikatafuta mapigo. Nikasogeza vidole, nikatazama saa yangu, nikahesabu dakika nzima. Niamini, nilihesabu.

"Umepata ngapi?" akaniuliza.

"Hakuna, Mama."

Akacheka mpaka akainama. "Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo! Nikishika mkono, lazima nipime."

Marehemu unamdai pasipoti kwa heshima gani? Nikasema tu, "Mama, nina mtoto. Nirudishie nikamwone."

Akanivalisha mkoba shingoni yeye mwenyewe, akaunyoosha vizuri kifuani.

"Nisamehe, mwanangu. Huku hakuna anayeniita Mama. Nilitaka kuitwa kidogo."

Kisha akashuka ngazi za majini, moja baada ya nyingine, na maji hayakutikisika.

Baba Shiru alifika akihema. Nilipomweleza, alifungua mkoba kwanza, akahesabu kila karatasi, ndipo akaketi chini na kuogopa. Halafu tukaanza kucheka, tukashindwa kuacha. Jioni tulikula samaki kama watu walionusurika, na kwa kweli tulikuwa tumenusurika.

Uwanja wa ndege wa Dallas, ofisa wa uhamiaji alishika grinikadi zetu, akazitazama, akatuuliza kama tulizisafirisha ndani ya barafu. Hazijapata joto mpaka leo. Kiangazi kimoja kiyoyozi cha gari kilikufa tukielekea Houston, na Baba Shiru akaendesha njia nzima kadi yake ikiwa imebandikwa kwenye paji la uso, akiimba. Shiru anadhani baba yake ana wazimu.

Wewe unayesafiri, nisikie. Ukisalimiwa kwa Kiswahili mahali usipokitarajia, itikia, tena kwa furaha. Huenda mtu huyo ameingoja sauti yako miaka mingi. Lakini karatasi zako, ndugu yangu, shika mwenyewe.