Samli ya Mama Daforoza

Kama si mgongo wa mama yangu, nisingetoka Gitega, hapa Burundi, msimu ule wa harusi, vitenge vyangu vikinunuliwa sokoni kila siku. Tangu mvua zianze, mama alikuwa hawezi kulala kitandani. Alisinzia ameketi, mito miwili nyuma, na kila nikimuuliza ananijibu, "Sijambo." Sijambo gani ya mtu anayelalia sahani ya chakula! Vidonge vya zahanati vilisaidia kidogo tu. Binamu yangu aliye Ubelgiji akanisimulia kwa simu kwamba huko kuna mafuta ya bangi yasiyolevya, yanaitwa CBD, watu wanayanunua dukani kutuliza maumivu. Nilipomgusia muuguzi wetu, alinikazia macho. "Huko ni huko, madamu. Hapa ukikutwa na bangi, utafungwa."

Ndipo nikakumbuka samli. Tulipokuwa wakimbizi Tanzania, jirani yetu kambini, Mama Daforoza, alikuwa akimkanda mama kila jioni kwa samli ya kijani aliyoipika mwenyewe, na mama alilala vizuri. Amani iliporudi, kila mtu alishika njia ya kwao: sisi Gitega, yeye Buhinyuza, huko Muyinga. Nikasema, namfuata huko huko.

Alfajiri niliondoka mtaani kwetu Nyamugari, nimemwachia jirani yetu Bi Zaina amwangalie mama. Teksi ilipita Karuzi, mikaratusi huku na huku, wanawake wakianika muhogo kando ya lami. Njia nzima niliomba Mungu huyo mama awe hai.

Muyinga mjini nikapanda pikipiki. Dereva aliniangalia viatu. "Mama, we unaenda Buhinyuza na hivi viatu? Bon, panda tu. Barabara iko mubaya lakini mi naijua." Kweli aliijua, maana hakukosa shimo hata moja.

Buhinyuza nilimkuta Mama Daforoza akipukuchua maharage uani. Alipiga kelele, akanikumbatia na vumbi langu lote. Kwetu mgeni haanzi na shida yake. Nikala ndizi, nikaulizwa mvua, nikaulizwa watoto, hadi mwenyewe akasema, "Na Mama Domi, yukoje?"

Nikaanza kulia. "Halali usiku, mama. Nimekuja unipikie ile samli."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Domi, kumbe ulikuwa hujui ndani mna nini? Bangi, mwanangu! Niliyachemsha majani kwenye samli, nikachuja."

Toba! Mimi mwimba kwaya, niliyekuwa nikishika lile kopo la samli kwa mikono yangu! "Bangi? Kwa mama yangu?"

"Mgongoni, si mdomoni."

Nikafuta machozi. "Basi ipike tena."

Akaacha kucheka. "Kambini sikuwa na cha kupoteza. Sasa nina shamba, nina wajukuu. Siliingizi tena jani hilo humu. Na wewe ungelipitishaje njia yote hiyo?"

Nilikasirika, sifichi. Safari yote ile kwa ajili ya hapana! "Lakini ndilo lililokuwa likimtuliza!"

"Nani kakwambia? Labda jani, labda mikono. Sikuwahi kutumia kimoja bila kingine."

Asubuhi nilimuaga kwa shingo upande. Akabeba kikapu, akanisindikiza, maana kwetu mgeni haachwi mlangoni. Tukafika njia panda, wenyeji wanapogeukia kurudi nyumbani. Pikipiki ikasimama, nikapanda, nikanyoosha mkono. "Haya mama, kwaheri."

"Kwaheri ya nini? Sogea nikae."

"Unakwenda wapi?"

"Si nakusindikiza? Nakufikisha kwa mama yako."

Dereva akacheka, tukaenda mshikaki, watatu pikipiki moja, mpaka mjini.

Gitega tuliingia alasiri. Mama aliisikia sauti mlangoni, akataka kuinuka, akashindwa, wakakumbatiana vivyo hivyo, mmoja ameketi mmoja ameinama. Walipokwisha kufuta machozi, mama akanong'ona, "Umeleta ile yenyewe?"

"Mama! Ulijua?"

"Na ile harufu? Kambi nzima ilijua, isipokuwa wewe."

Kikapuni mlikuwa na samli tupu ya ng'ombe, na mama akanung'unika kama aliyenyimwa nyama. Mama Daforoza hakumjali. Alimlaza kifudifudi taratibu, akapasha samli kiganjani, akaanza kukanda kutoka kiunoni kupanda juu, bila haraka. Mama alikuwa anasimulia habari za foleni ya maji kule kambini. Akafika katikati ya sentensi, akanyamaza. Nikadhani ameumia. Kumbe analala! Amelala kitandani, anakoroma, na jua bado liko juu. Nilitoka nyuma ya nyumba nikalia mpaka Bi Zaina akaja kuuliza nani amekufa.

Mama Daforoza alikaa nasi hadi maharage yake yalipomuita. Alinifundisha kukanda, na muuguzi akasema sawa, mradi nisibonyeze uti wa mgongo na vidonge visiachwe. Jani lile kama lingefanya zaidi, sijui. Siku sheria na daktari watakaporuhusu, nitauliza tena. Nilichojifunza ni kwamba mikono inataka muda, na mimi muda wangu wote nilikuwa nimeupeleka sokoni. Maumivu hayajaisha, siku za baridi yanamrudia. Ila sasa vita vyetu na mama ni vingine: kila asubuhi nagongagonga kitanda, uji unapoa, naye anajifunika kichwa, ananiambia nimwache alale.