Kuku Wawili Niliowapeleka kwa Mama Solange

Nikumbukapo ile Jumatatu, mwanangu, hata nikiwa nakula huweka kijiko chini. Ilikuwa hapa hapa Rebero unapotaka kujenga banda lako. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwenye kuku wa mayai mia moja na hamsini, na kiburi kuwazidi hao kuku. Nilifungua mlango asubuhi nikakuta watatu wamekufa. Vilemba vyao vimegeuka rangi ya zambarau, na wengine wawili wamejikunyata pembeni, vichwa vimevimba.

Nilijua la kufanya, na ndiyo maana bado inaniuma. Asiyejua akikosea husamehewa, lakini mimi ndiye niliyekuwa mwangalizi wa kuku wa mudugudu wetu, yaani kitongoji chetu hiki. Siku zile redio ilikuwa haiachi kutaja mafua ya ndege, mara yamefika nchi hii, mara yamefika nchi ile. Daktari wa mifugo wa sekta, yaani kata yetu, mzee Faustini, alisimama siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tulipomaliza kusafisha mitaro, akaomba mtu mmoja wa kumpa habari. Watu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu nilikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, na nilijua kusema, na banda langu lilikuwa na bati jipya. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuku akifa ghafla kwa yeyote, nipige simu siku hiyo hiyo. Kila Jumatatu naye angenipigia kuuliza hali.

Basi Jumatatu ile akapiga, kama kawaida yake.

"Baba Aline, kuku iko namna gani huko?"

"Iko sawa, dogiteri."

"Hakuna yenye ilikufa?"

"Hata moja."

Wale watatu walikuwa ndani ya mfuko, karibu na miguu yangu.

Utaniuliza kwa nini. Alhamisi ile wageni wa wilaya walikuwa waje kulitazama banda langu, eti la mfano. Nikajiambia, nitasema Ijumaa wakishaondoka. Nikawafukia wale waliokufa nyuma ya nyumba, nikawatilia wazima kitunguu saumu kwenye maji, nikajiona mganga. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo nilikuwa nawaambia watu kila siku, na sidhani kama wiki ile niliisahau.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mjane aliyeitwa Mama Solange. Alikuwa na kuku arobaini, na mayai yao aliyapeleka kwenye migahawa midogo ya Gisimenti. Mayai hayo ndiyo yaliyomweka binti yake mdogo, Solange, katika chuo cha uuguzi. Wiki hiyo binti yake mkubwa alikuwa amejifungua na amekuja kupumzika kwa mama yake, na desturi yetu ya guhemba unaijua: mzazi haendewi mikono mitupu. Jumanne mke wangu alikuwa ameshafunga sukari na sabuni kwenye kitenge. Sukari na sabuni zingetosha kabisa. Lakini mimi, bwana kuku, niingie pale na sabuni? Majirani wangesema nini? Wangeuliza kuku wangu wana nini. Nikachagua wawili wazuri kupita wote, nikawafunga miguu, nikawabeba.

Husemwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wangu walifika na kamba, na kingine kisichoonekana. Mama Solange aliwapokea kwa mikono miwili, akanibariki, akasema atawachinja Jumapili ndugu wakija. Kisha akawafungua kamba akawaachia katikati ya kuku wake. Nilikuwa nimekaa pale pale, kikombe cha chai mkononi. Ningeweza kusema, mama, wafungie peke yao. Nikanywa chai yangu.

Wageni wa wilaya hawakuja, mwanangu. Alhamisi walipiga simu wakasema ziara imeahirishwa. Kufikia hapo nilikuwa nimezika kuku arobaini.

Ijumaa ndipo nikapiga simu. Faustini alifika saa hiyo hiyo na vijana wawili wamevaa glavu na barakoa. Wakachukua vipimo vya kupeleka maabara, wakamwaga dawa mlangoni, wakakataza kuku wala yai lisitoke mtaani kwetu. Jumapili kuku wa Mama Solange wakaanza kuanguka. Jibu liliporudi lilisema ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku wenye chanjo, si mafua ya ndege. Watu wakamshukuru Mungu. Mimi nilishindwa, maana Mama Solange alikuwa amebakiwa na kuku mmoja.

Faustini alinikalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Ungenipigia Jumatatu, kuku ya jirani zako zote tungezichanja. Chanjo ilikuwa kwa friji yangu, Baba Aline. Na wewe hukujua ni ugonjwa gani, kwa macho zinafanana. Kama ingekuwa ile ingine, yenye inaingia na kwa watu, ulikuwa umeipeleka kwa nyumba yenye mtoto wa siku tano."

Nilitoka hapo nikaenda kwa Mama Solange, nikamkuta anafagia banda tupu.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka Jumatatu."

Nikamwona anapiga hesabu ya siku. Kisha akaendelea kufagia.

Solange aliacha chuo mwaka ule, akaenda kufua mashuka katika hoteli moja ya Kiyovu, na hakurudi tena chuoni. Nilipopata vifaranga wapya nilimpelekea mama yake thelathini, wamechanjwa wote. Alinitazama kwa upole. "Siwezi kupokea tena kuku ya mkono wako," akasema. "Unisamehe." Yeye ndiye aliyeomba msamaha, mwanangu. Aliendelea kunisalimia vizuri mpaka alipohama, na kila salamu ilinichoma.

Basi nisikilize, majuto ni mjukuu na mimi nimemlea miaka mingi. Hesabu kuku wako kila asubuhi, uwatazame nyuso. Wakiacha kula, wakivimba vichwa, wakifa ghafla hata kama ni wawili, usisubiri wa tatu. Usiwashike kwa mikono mitupu, usiwatupe mtaroni, usiuze, usichinje, wala usimpe mtu kuku wa zawadi, hata kuku aliye mzima. Ndege wa bondeni wasinywe maji na kuku wako. Funga banda, piga simu, na majirani waambie mwenyewe kabla hawajaambiwa na wengine. Watakucheka siku mbili tatu. Mimi nilikwepa kicheko hicho, na Solange akalipa kwa masomo yake.

Mungu akuzidishie kuku na mayai. Siku mbaya ikija akupe ulimi wa kusema ukweli asubuhi ile ile, na jirani akipokea kitu mkononi mwako, apokee bila hofu.