Mazishi Bila Glavu

Boston nzima ilijua: mtu akifa, unatuma glavu. Glavu ndiyo mwaliko wenyewe. Hukutumiwa, huendi. Ukitumiwa za bei ya chini, unanuna kimya kimya huku ukizilinganisha na za jirani.

Kwa hiyo Mehitabel aliposema baba yake, mzee Obadiah, atazikwa bila hata glavu moja, shangazi Prudence nusura alale pale kando ya maiti.

"Watu watasema tumemtupa kaka yangu kama paka."

"Waseme, shangazi. Glavu zinatoka Uingereza. Mimi sinunui cha Uingereza, hata uzi."

Hasira ya huyo binti ilianza zamani. Mfalme wa Uingereza, aliyeitawala Boston enzi hizo, alipoitaka Kanada, Obadiah alienda kumpigania, akarudi na mguu mmoja. Vita vikaisha, mfalme kashinda, halafu akawageukia watu wa Boston: jamani, vita vilikuwa ghali, changieni. Kodi kwenye chai. Kodi kwenye kioo cha dirisha. Mzee aliyekwisha kuchanga mguu akaambiwa bado hajachanga.

Mehitabel akapita mlango kwa mlango, akaalika kwa mdomo. Wengine walimsikiliza huku wakichungulia mikono yake, labda kaficha kitu.

Siku ya mazishi jeneza lilitaka wabebaji sita. Wakaja watano, mikono mitupu. Jabez, aliyepigana pamoja na mzee, akanyoosha kiganja chenye vidole viwili. Vingine vililiwa na baridi ya Kanada.

"Umeniokoa, mwanangu. Glavu ya kunitosha hawajui kuishona huko London."

Mehitabel akacheka, akalia, akarudia hasira yake.

Wa sita hakutokea. Badala yake akaja Bwana Croft wa forodha, mtoza kodi za mfalme na jirani yao, mikononi glavu nyeupe pee, akashika machela ya jeneza kama mwenye msiba.

"Nimeona mmepungukiwa, nikasema nisaidie."

"Vua hizo," Mehitabel akasema.

"Binti, ni heshima kwa marehemu."

"Marehemu mlimla mguu, mkamtoza na chai juu yake. Vua, au achia."

Croft akamtazama Prudence, akitegemea mtu mzima aingilie kati.

"Si umemsikia mtoto," shangazi akasema.

Croft akaachia.

Mwanamke habebi jeneza, na hilo pia Boston nzima ilijua. Mehitabel akakunja mikono ya gauni, akashika palepale aliposhika Croft.

"Inama kidogo," shangazi akanong'ona. "Wewe mrefu kuliko Jabez, utammwaga kaka yangu."